Mwili Haukukataa Chuma

Mliniomba niwaandikie maneno machache ya kuwatia moyo, nyinyi mnaobaki katika wodi ya mifupa. Nimekaa na kalamu siku kadhaa na moyo wa kuwatia sina. Nina hasira. Nimestaafu nayo, nikaja nayo nyumbani, na asubuhi nikikama ng'ombe bado ninayo, mpaka ng'ombe mwenyewe ameanza kugeuza shingo aone ana kosa gani. Kwa hivyo nitawaeleza kazi yenyewe, na hasira mtaikuta humo humo. Anayetaka kutiwa moyo aende kanisani Jumapili.

Hospitali yetu sitaitaja. Mnaijua, na walio nje hawana haja.

Siku yangu ya kwanza sikugusa mgonjwa. Sista Rael, aliyekuwa mkuu wa wodi, alinikabidhi toroli ya kufungia vidonda akaniambia nioshe magurudumu yake. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu na viatu vyeupe, nikidhani nimekuja kuokoa watu. Nilipomaliza akapitisha kidole chini ya gurudumu, akanionyesha uchafu uliobaki. "Jelagat," akasema, "hii toroli inapita kwa vitanda vyote kabla yako. Ukiisukuma chafu, wewe ndio ugonjwa." Niliosha tena. Nilimchukia mpaka saa ya chakula cha mchana, kisha nikampenda kwa miaka yote iliyobaki.

Zama hizo mguu uliovunjika ulikuwa unaning'inizwa kwa kamba na mifuko ya mchanga. Wagonjwa walikaa nasi hadi wakajua ng'ombe wa nani amezaa na binti wa nani amechumbiwa. Sista Rael alinifundisha kufungua bendeji taratibu, kunusa kabla ya kuangalia, na kuangalia kabla ya kusema. Alinifundisha pia kutoamini majibu ya mdomo. Aliwahi kumwuliza mzee mmoja wa Turbo, mwenye duka kando ya barabara ya malori, "Mzee, uko na sukari?" Mzee akajibu kwa heshima zote, "Iko, Sista. Unataka ya kilo ama ya nusu?" Wodi nzima ilicheka. Sista Rael hakucheka. Alimpima, na sukari ilikuwepo kweli, nyingi kuliko ya dukani.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wahenga hawakufanya kazi wodini kwetu. Mtu ambaye hajawahi kupimwa atajuaje kama ana sukari? Ukimwuliza atasema hana, nawe utaandika hana, na karatasi itaonekana imefanya kazi. Huo ndio ujinga wenyewe, na tumeuvalisha yunifomu.

Baadaye vyuma vikaja. Pikipiki zilikuwa zimejaa barabarani, watu wanavunjika kila siku, na mifuko ya mchanga ikaonekana mambo ya zamani. Sasa mfupa unafunguliwa, unaunganishwa kwa pleti na skrubu, na mgonjwa anasimama kabla majirani hawajamaliza kuja kumpa pole. Msidhani ninavikosoa. Nimeona mtu aliyeletwa na mguu ukielekea nyuma akirudi kulima mahindi. Chuma ni kitu kizuri. Lakini ukikiingiza katika mwili wa mtu, umeingiza kitu kisicho na damu, na hapo ndipo Daktari Simiyu alipoanza kutusumbua.

Daktari Simiyu alikuwa mpasuaji wetu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita mbuzi. Siku moja alitoa pleti kwenye mguu wa dereva mmoja uliokuwa unaoza, akaniita. "Sista Jelagat, vaa glavu. Pitisha kidole hapa." Nikapitisha. Chuma kilionekana safi, kinang'aa, lakini kilikuwa kinateleza.

"Nyumbani mnachotea maji kwa nini?" akaniuliza.

"Jerikeni."

"Ukiingiza kidole mdomoni mwa jerikeni ya zamani unashika nini?"

"Utelezi."

"Ukisuuza kwa maji unatoka?"

"Hautoki. Mpaka utie mchanga na changarawe utikise."

"Basi ndio huu," akasema. Viini vya ugonjwa vikikikuta chuma hushikamana nacho, vikajijengea utando huo wa utelezi na kukaa chini yake. Dawa tunazowapa wagonjwa ni yale maji ya kusuuza. Zinaua vilivyo nje, kidonda kinakauka, kila mtu anafurahi, na wenye nyumba wamekaa ndani wakingoja dawa ziishe. Kikulacho ki nguoni mwako. Na mwenye sukari iliyopanda ana taabu zaidi, akatuambia, kwa sababu zile chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zinalegea. Zinachelewa kufika, na zikifika hazina nguvu ya kupigana. Viini vinapewa muda wa kupaua nyumba.

Tangu siku hiyo akaweka sharti. Hakuna mtu anayewekewa chuma kabla ya kupimwa sukari, awe anajijua ana ugonjwa au hajijui. Tone la damu kidoleni, basi. Ni kazi ndogo kuliko kufunga kamba ya kiatu, na kwa miaka kadhaa tuliifanya.

Kisha zile stripu za mashine ya sukari, vijikaratasi vya kudondoshea damu, zikaanza kuwa adimu. Ofisini wakakaa, wakanywa chai, wakatoa amri: stripu ni za watu wa sukari tu. Zikafungiwa kabatini na ufunguo ukakaa ofisini. Hebu isomeni tena amri hiyo polepole. Ili kujua kama mtu ana sukari, lazima kwanza ajulikane ana sukari. Daktari Simiyu alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Akajibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa. Mkiona maneno hayo katika kazi yenu, jueni mlango umefungwa.

Hapo ndipo msemo ule ukaingia wodini na kujitandikia kitanda: mwili umekataa chuma.

Mnaujua. Mnausema. Mgonjwa anarudi na kidonda kinatoa maji, anapewa antibayotiki, kinakauka, kinafunguka, anapewa nyingine, na mwisho mtu anamwambia, "Mama, mwili wako umekataa chuma." Ni msemo mtamu sana. Familia inaukubali kwa sababu unafanana na mapenzi ya Mungu. Daktari anaupenda kwa kuwa haumtaji. Sisi wauguzi tunaupenda kwa kuwa mazungumzo yanaishia hapo. Kila mtu anatoka msafi isipokuwa mwenye mwili. Ninauchukia msemo huo kuliko harufu yoyote niliyowahi kunusa kwenye bendeji, na sasa nitawaambia kisa cha mtu aliyenifanya niuchukie.

Mama Shiru ana duka Timboroa, na nyuma ya duka shamba la viazi. Ni mjane. Pikipiki ilimgonga akivuka barabara kufuata chenji, akavunjika mguu wa kulia chini ya goti. Aliletwa kwetu akawekewa pleti. Mimi wakati huo nilikuwa nimehamishiwa chumba cha vidonda cha wagonjwa wa nje, kwa hivyo sikumwona akiingia. Daktari kijana aliyempokea alimwuliza kama ana sukari. Akasema hana. Kijana yule hakuridhika, na ninamheshimu kwa hilo. Alimwona mwanamke mnene, mwenye umri, anayekunywa maji kila dakika, akataka ampime. Akaenda kuomba stripu. Akaulizwa, "Ni mgonjwa wa sukari?" Akasema hajui, ndiyo maana anataka kumpima. Akaambiwa stripu ni za wagonjwa wa sukari. Akarudi mikono mitupu, mama akaenda kupasuliwa.

Alipolazwa, binti yake Shiru alikuwa akija kumwona kutoka Chepkoilel, alikokuwa anasoma chuo kikuu. Mkono mtupu haulambwi, na sisi sote tunajua mtu wa kwetu akienda kumwona mgonjwa anabeba nini: mkebe wa glukosi na soda. Msichana alimwuliza mmoja wetu kama mama anaruhusiwa. Mmoja wetu, aliyevaa yunifomu kama yangu, akamjibu, "Mpatie kabisa, hiyo ni ya kuongeza nguvu." Basi Shiru akawa anamkorogea mama yake glukosi asubuhi na jioni, kwa upendo wote wa mtoto wa pekee, na sisi tukipita pale na toroli.

Mama alikuja kwangu baadaye, ameegemea magongo, kidonda kinatoa maji. Zahanati ya kwao ilikuwa imempa antibayotiki mara sijui ngapi. Nikafungua bendeji taratibu. Nikanusa. Sitaki kuwaeleza.

"Sista," akaniambia kama anayenishtakia mtoto mtukutu, "hii mguu yangu ni kichwa ngumu sana. Walisema mwili yangu inakataa chuma. Kila asubuhi mimi huiongelesha. Naiambia, wewe, kubali hiyo kitu, una maringo ya nini? Chuma ni ya serikali hiyo. Haisikii."

Binti yake alicheka. Nami nilitabasamu, maana alikuwa anachekesha kweli. Nikatoa mashine yangu mwenyewe, niliyokuwa nayo mkobani kwa ajili ya mume wangu, nikamdunga kidole. Mashine ikafikiri kidogo, ikaandika HI.

"Mathe, ona," Shiru akasema. "Ata mashine imekusalimia. Imesema hi."

"Hiyo si salamu, msichana wangu," nikamwambia.

Nyinyi mnajua maana yake. Mashine inaandika hivyo sukari ikiwa juu hadi imeshindwa kuihesabu. Nikawaeleza. Shiru akaacha kucheka. Akauliza kwa sauti ndogo kuhusu glukosi, na nilipomwambia kwamba nayo ni sukari tupu, aliketi sakafuni pale pale, na koti lake jipya la chuo. Nilikasirika siku ile, na si kwa sababu yake. Mtoto aliuliza. Aliuliza watu waliosomea kazi hii.

Daktari Simiyu alimrudisha chumba cha upasuaji upesi. Alitoa pleti, nayo ilikuwa inateleza kama alivyotufundisha. Alikwangua mfupa, akaosha, akangoja, akakwangua tena. Mama alianzishiwa insulini na sukari ikashuka. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na mfupa ulikuwa umekwisha kuoza sehemu kubwa. Sumu ilianza kuingia kwenye damu. Daktari akaja, akakaa kwenye kitanda, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akamwambia kwamba ili aishi mguu lazima uende.

Asubuhi ya kukatwa nilipanda wodini kumwona. Nilimkuta peke yake, mguu umefunikwa kwa leso. Akasema, "Sista, nilijua. Mguu imenishinda. Nimeitukana, nimeiombea, mpaka pasta akaikemea. Imekataa tu."

Ningeweza kusema pole, Mama, nikashuka. Wengi wenu mngesema pole. Lakini nilikuwa nimechoka kuusikia msemo ule, na nilishindwa kuuacha umsindikize mpaka kwenye meza ya kupasuliwa. Nikavuta kiti. Nikamweleza yote, kuanzia utelezi wa jerikeni mpaka askari waliolegea. Nikamwambia sukari yake ilikuwepo kabla ya pikipiki, kwamba tone moja la damu lingeionyesha, na kwamba tone hilo halikuchukuliwa.

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli yenye gurudumu linalolia.

"Kwa hivyo mguu yangu haikuwa na makosa?"

"Haikuwa, Mama Shiru."

"Ilikuwa inajaribu?"

"Ilikuwa inajaribu. Mwili wako wote ulikuwa unajaribu."

Akaifunua ile leso. Akainama kwa shida, akaushika unyayo kwa mikono miwili, akausugua kama mtu anayempasha mtoto joto. Akasema maneno ya Kikikuyu ambayo sikuyaelewa, kisha akasema kwa Kiswahili, labda ili nami niwe shahidi, "Pole. Nimekutukana bure."

Halafu akaniangalia. Hakulia. Macho yalikuwa makavu na makali.

"Mwili haikukataa," akasema. "Basi ni nani alikataa?"

Walikuja kumchukua kabla sijajibu. Nawaambia kweli, nilishukuru walipokuja.

Sikilizeni sasa sehemu inayonikera kuliko zote. Mguu ulikatwa, sukari ikawa inapimwa kila siku kwa sababu sasa alikuwa amefuzu kuitwa mgonjwa wa sukari, na kile kisiki cha mguu kikapona vizuri. Kilishonwa, kikakauka, kikafunga, bila maji, bila harufu. Mwili ule ule uliosemwa ni mkaidi ulipona kama wa msichana. Kumbe ulikuwa mwili mtiifu siku zote. Ulihitaji tu mtu aupime.

Kwenye kikao cha kujadili wagonjwa, mkubwa mmoja alisoma kisa chake kwa sauti ya kusoma hali ya hewa. Mgonjwa hakujulikana kuwa na sukari, akasema, na mwili ukakataa chuma. Akafungua ukurasa mwingine. Nikasimama. Sikuwa nimeombwa kusema, na magoti yangu si ya kusimama ovyo. Nikasema, "Mama Shiru ameniachia swali, na mimi sina jibu. Anauliza, kama mwili haukukataa, ni nani alikataa?"

Daktari Simiyu aliangalia meza. Yule daktari kijana aliyenyimwa stripu aliinua mkono nusu, akaushusha. Mkubwa akasema swali langu limepokelewa.

Nilikaa miaka michache zaidi kazini baada ya hapo. Nilifunga vidonda, nikafundisha wengi wenu kunusa. Msemo ule niliukataza chumbani kwangu, na aliyeusema alikwenda kuosha magurudumu ya toroli, daktari au si daktari. Mlinicheka kwa hilo, najua, mkaniita Mama Chuma nikiwa sipo. Jina lenyewe si baya.

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kama kawaida, ili mtu asiye na haja tena ya kuwahi ajue amechelewa. Mlileta keki na soda. Mama Shiru alikuja na Shiru, amevaa mguu wa bandia, amebebesha watu gunia la viazi. Akaugonga ule mguu kwa kongojo mbele ya wote na kusema, "Sista, hii nayo haijanikataa. Tunaelewana." Mlicheka sana. Nami nilicheka. Kisha, wakati mnakata keki, aliniinamia akaniuliza taratibu kama nimepata lile jibu. Nikamwambia bado.

Na pale pale, nyuma ya mlango wa wodi uliokuwa wazi, nilisikia mmoja wenu akimwuliza mgonjwa mpya anayengoja pleti, "Mzee, uko na sukari?" Mzee akasema hana. Kalamu ikaandika.

Niliiweka soda yangu chini. Mama Shiru pia alikuwa amesikia. Alinitazama tu, na sikuwa na mahali pa kuweka uso.

Basi maneno yangu ya kuwaaga ni haya. Stripu zimo kabatini na ufunguo mnajua uko kwa nani. Nendeni mkaombe, kwa kila anayengoja chuma. Mkinyimwa, rudini kwenye faili la mgonjwa na mwandike neno lile lile mnalolipenda, amekataa, ila safari hii mlitangulizie jina la mtu aliyewanyima. Mama Shiru huja kliniki kila mwezi. Atawauliza, na mimi sitakuwepo wa kunyamaza kwa niaba yenu.